GTX 1650 na Cyberpunk 2077: usiuze kadi kwanza

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama uuze GTX 1650 yako, kadi ya picha ya kompyuta, kwa vile gemu ya Cyberpunk 2077 inakwamakwama. Nina kadi hiyohiyo hapa Langoni, Lamu, ndani ya mashine ya ofisi niliyoinunua Mombasa ikiwa imeshatumika, na gemu hiyo nimeimaliza. Ngoja kwanza.

Ni kweli kadi yetu haifikii kiwango. Tangu 2023 watengenezaji wa gemu wanataka angalau GTX 1060 ya GB 6, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 12 na SSD, ile diski ya kasi. Yetu ina kumbukumbu yake ya GB 4 tu. Tekscha, yaani picha zinazofunika kuta, nguo na magari ndani ya gemu, zikijaa humo, zinazozidi huhamia kwenye RAM, na kila zinapohitajika kadi huzingoja. Ndio ule mkwamo ukikata kona na gari. Weka tekscha chini kabisa. Usiitafute setingi hiyo katikati ya mchezo, haibadiliki mpaka urudi menyu ya mwanzo. Mimi ilinilia jioni nzima.

Kisha washa FSR, setingi ya kuchora picha ndogo na kuikuza. Ni ya AMD, lakini kadi zetu za Nvidia inazikubali. DLSS, ya Nvidia yenye kazi kama hiyo, ndiyo inayotaka kadi za RTX. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, ukichagua "Quality" kadi inachora 1280 kwa 720 halafu picha inakuzwa, yaani nukta 921,600 badala ya 2,073,600. Usishuke chini ya hapo, maandishi ya mabango yataanza kuchezacheza. Uakisi zima kabisa, vivuli punguza, na wingi wa watu mitaani uweke chini ili prosesa ipumue.

RAM: kama una kipande kimoja cha GB 8, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Vikiwa viwili data hupita njia mbili kwa pamoja. Mimi hapo ndipo mkwamo wa kona ulipokwisha.

Sasa joto, na sisi wa pwani tunalijua zaidi. Wakati wa kaskazi nilikuwa nacheza vizuri dakika kumi, kisha fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zinaporomoka. Nikafungua kadi. Vumbi lilikuwa limeshikana na chumvi ya bahari kwenye feni, gumu, la kukwangua kwa kijiti, na skrubu mbili zimeota kutu. Pasta ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kipoza, ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nilisafisha kwa brashi na spiriti, nikapaka pasta mpya. Joto likashuka kutoka nyuzi 86 hadi 73. Tangu siku hiyo nafungua kila baada ya miezi mitatu, na mashine haikai tena dirishani panapopiga upepo wa bahari.

Mwisho funga fremu kwenye 30. Zikitulia hapo, jicho linazoea upesi kuliko zikirukaruka kati ya 28 na 45.

Niandikie una RAM vipande vingapi, na kadi inafika nyuzi ngapi baada ya nusu saa ya kucheza.