Swali: Kipanga anamaliza njiwa wangu, je naruhusiwa kumuua?

SWALI: Asalam alaykum sheikh. Mimi nafuga njiwa, nilikuwa nao thelathini na kitu sasa hivi wamebaki kama ishirini tu, kuna vipanga wawili kila asubuhi nikifungua banda wanakuja. Juzi nimemkuta mmoja yuko chini kamkalia njiwa anamnyonyoa kifuani na njiwa bado anapepesa macho, nikampigia kelele akaruka, nikamchinja yule njiwa palepale kwa bismillahi, lakini mke wangu kagoma kumpika anasema huyo ni kibudu. Jana mwanangu nae kampiga manati kipanga akiwa ametua zake mtini, bawa limevunjika, tumemuweka kwenye kikapu. Jirani ananiambia nimpake njiwa mmoja sumu nimwachie ili yule kipanga wa pili akimla afe, na jirani mwingine anasema hao sio ndege wa kawaida wametumwa. Na njiwa tunaambiwa ndo alimlinda Mtume pangoni. Nisaidie sheikh manake nina hasira mpaka usingizi sipati.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Pole ndugu yangu, na wala sisemi pole ya mdomo, najua mtu akifuga njiwa anawajua mmojammoja, huyu mama wa nani, yule kipofu wa jicho la kushoto, alafu asubuhi unakuta duara la manyoya chini na mwenyewe hayupo. Inauma. Na kufuga njiwa kwa ajili ya mayai, makinda, au kuwatazama tu ukaliwazika hakuna ubaya, Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, kalisema hilo wazi, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania mtoto Abu Umair, mdogo wake Anas, kuhusu kindege chake, wala hakumkataza kukaa nae. Ila wale wa kuwachezea kamari hao nawaacha kwanza, hukuniuliza.

Nianze na hasira yako manake naona ndo imekushika kuliko swali lenyewe. Kipanga hajui kama njiwa ni mali yako. Hajui banda, hajui mwenye banda, na wala mtama wako hawezi kuula hata ukimmwagia debe zima, Allah kamuumba na makucha na mdomo wa kuchana nyama na riziki yake kaiweka humo. Hakuna mnyama katika ardhi ila riziki yake iko kwa Allah, hiyo ipo Surat Hud aya ya 6, na aya haikusema isipokuwa vipanga. Kwahiyo yeye hana dhambi hata chembe, na asiye na dhambi halipiziwi kisasi. Mali yako una haki ya kuilinda, hiyo sikunyang'anyi, lakini kulinda na kulipiza ni vitu viwili na hapo ndo jirani yako anapotaka kukuingiza mtaroni.

Sasa hadithi ambayo najua mtu atakuja kuileta. Bibi Aisha (r.a.) kapokea kwamba kuna wanyama watano wanauliwa hata ndani ya Haram, yaani eneo takatifu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali anayeng'ata watu. Ipo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, haina mjadala. Shida ni kwamba watu wanasikia neno mwewe basi kila ndege mwenye mdomo wa ndoano wanamuingiza humo. Ndege aliyetajwa kwa kiarabu ni hidaa, yule mkia wake umegawanyika kama mkasi, anazunguka juu ya watu na kunyakua nyama. Ananyakua hata kisicho nyama, Bibi Aisha huyohuyo anasimulia habari ya mjakazi mmoja: binti wa watu aliokuwa akiishi nao huyo mjakazi alivua ukanda wake wa ngozi nyekundu uliotiwa mapambo, hidaa akapita akadhani ni nyama akaondoka nao, wakamtuhumu yule mjakazi kwamba kauiba wakampekua mpaka mahali pasipotajika, na wakiwa bado wamemsimamia ndege akapita tena akaudondosha katikati yao! Akawaambia ndio huu mliokuwa mkinituhumu. Baadae akaja kwa Mtume akasilimu, akawa na kibanda chake msikitini. Basi huyo ndo hidaa, mwizi wa mchana, na wanazuoni wa kishafii wamesema huyo inapendeza kuuliwa kwa ajili ya madhara yake.

Lakini ndege anayemvizia njiwa na kumfukuza hewani mpaka amkamate, kipanga, kozi, na wenzao, Nawawi kawaweka fungu lingine kabisa. Kasema wana faida na wana madhara, basi haipendezi kuwaua kwa sababu ya faida yao, na haichukizi kwa sababu ya madhara yao. Faida aliyoikusudia ni uwindaji, manake Qur'an yenyewe katika Surat Maida aya ya 4 imehalalisha kile wanachokikamata wanyama na ndege waliofundishwa kuwinda. Kwahiyo jibu fupi la kichwa cha swali lako: akiwa anashambulia njiwa wako na hakuna njia nyingine ya kumzuia ila ikafika kumuua, kifiqhi, yaani kwa sheria ya dini, huna dhambi. Ila angalia hilo neno "hakuna njia nyingine". Anayeshambulia anarudishwa kwa jambo jepesi kwanza, likitosha hilo huruhusiwi kupanda ngazi ya juu yake. Wewe mwenyewe juzi ulipiga kelele tu akaruka, si imetosha? Basi na ile manati ya mwanao haikuwa kulinda, kipanga alikuwa mtini hana habari na mtu. Mtoto usimpige, mueleze tu.

Alafu kuna jambo la sheria za nchi. Sehemu nyingi ndege hawa wanalindwa, na ukiishi nchi yenye sheria ya namna hiyo haina maasi ndani yake unatakiwa uifuate. Uingereza mwaka 1940 wakati wa vita serikali ilitoa amri kozi wauawe ili wasiwakamate njiwa waliokuwa wanabeba ujumbe wa jeshi, vita vikaisha wakarudi kuwalinda, na leo kwa sheria yao ya 1981 ukimuua unapelekwa mahakamani. Marekani nako mwaka 2007 wafugaji wa wale njiwa wanaopinduka sarakasi angani walishtakiwa kwa kuua vipanga, na ukifikiria utacheka, wamezalisha ndege anayeanguka anguka hewani kama mgonjwa alafu wanashangaa kwanini mwindaji anamfuata. Ulizia kwenu sheria inasemaje kabla hujashika chochote.

Tuje kwenye sumu, hapa nisikilize vizuri. Huyo jirani anakwambia umchukue njiwa wako mzima, umpake sumu, umrushe ili akaliwe. Kwanza huyo njiwa ana kosa gani? Umemlisha mwenyewe kwa mkono, anakuja begani kwako, leo unamfanya chambo. Abdullah bin Umar (r.a.) aliwapita vijana wamemfunga ndege wanamlenga mishale, walipomuona wakatawanyika, akasema Mtume kamlaani anayefanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na hata tuseme ndege kaumbwa kwa ajili yetu, Mtume kasema Allah ameandika wema katika kila kitu, mkichinja basi chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake, ampumzishe mnyama. Sumu inampumzisha nani? Inamuacha kipanga anagaragara, alafu njiwa uliyempaka huna uhakika atakamatwa na nani, anaweza kuangukia kwenye uwanja wa mtu akaliwa na paka, mbwa akamla paka, mtoto akaokota manyoya akatia mdomoni, au njiwa akarudi bandani akawapaka wenzake wote sumu nawe ukamaliza kazi ambayo kipanga ingemchukua mwaka. Na sumu kwa ndege hawa sio jambo dogo, dawa ya wadudu ya DDT kuanzia miaka ya 1940 ilisababisha mayai ya kozi kuwa na maganda membamba yakawa yanapasuka wakiyaatamia, sehemu zingine wakaisha kabisa, na hapo hata hakuna aliyekusudia kuwaua. Kwahiyo hapana. Hii haramu, na likitokea la kutokea kwa mali au mtoto wa mtu unalipa wewe sio jirani.

Eti wametumwa. Subhanallah. Kipanga kumla njiwa ni kama paka kumla panya, mbona paka hatumwi? Mtume kasema kuamini nuksi ya ndege ni katika shirki, sasa wewe umepoteza njiwa usije ukapoteza na tauhidi, imani ya Mungu mmoja, juu yake. Isitoshe ukishakubali katumwa, swali linalofuata ni katumwa na nani, na hapo huna jirani tena.

Na habari ya njiwa kumlinda Mtume pangoni, wataalamu wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Kilichothibiti ni aya ya 40 ya Surat Tawba, kwamba Allah alimsaidia kwa majeshi msiyoyaona. Mpende njiwa wako ni sawa, lakini usimpe utukufu ili kipanga aonekane kafiri.

Swala la njiwa uliyemchinja ndo nimelipenda, manake watu wengi wanakula au wanatupa bila kuuliza. Aya ya 3 ya Maida imeharamisha aliyeliwa na mnyama mkali, kisha ikasema "isipokuwa mliyewahi kumchinja". Na Zaid bin Thabit kapokea kwamba mbwa mwitu alimng'ata kondoo, wakamchinja kwa jiwe lenye makali, Mtume akaruhusu aliwe. Sasa cha kuangalia ni hali aliyokuwa nayo wakati kisu kinapita. Umesema alikuwa anapepesa macho, hiyo ni dalili lakini nakuuliza zaidi: alijitupa kwa nguvu? damu iliruka au ilichuruzika tu? Kama alipigapiga mabawa na damu ikatoka kwa kasi basi uhai ulikuwa umetulia ndani yake, ni halali bila wasiwasi. Kama kifua kilishafunguka matumbo nje na ilikuwa imebaki ile mitikisiko ya mwisho tu, kwa madhehebu yetu ya Shafii huyo asiliwe, ingawa wapo wanazuoni wengine wanaotosheka na kutikisa jicho au mguu. Kipande chochote alichokuwa ameshakinyofoa kipanga njiwa akiwa hai hicho ni mzoga hakiliwi kwa hali yoyote, na palipojeruhiwa paoshwe. Wala usichanganye na kipanga aliyefundishwa, huyu wa porini kajikamatia mwenyewe, ungemkuta njiwa kashakufa basi kwisha habari yake, hata ungesoma bismillahi mara mia. Kwa mkeo, ukishamueleza hukumu usimlazimishe kupika wala kula, Mtume aliletewa mjusi wa jangwani akaacha kumla akasema nafsi yake haimpendi, na Khalid bin Walid akamla mbele yake.

Kulinda sasa. Mfunge ngamia wako kisha mtegemee Allah, ndivyo Mtume alivyomwambia mtu aliyemuuliza amfunge au amwache tu. Wewe unafungua banda kila asubuhi saa ileile, kipanga nae ana saa yake bana, akishapata mara moja anarudi palepale muda uleule. Wafungie ndani wiki mbili tatu, maji na chakula humohumo, mpaka achoke ahamie kwingine, baadae ukianza kuwaachia badilisha muda, leo asubuhi kesho alasiri, na usiwaachie na njaa hovyo wala makinda yasiyojua kukwepa yakiwa peke yake. Weka wavu juu ya uwanja wao, wenye matundu madogo, hiyo ndo dawa yenyewe. Zile sidii za kung'aa na bundi wa plastiki anazizoea siku mbili tatu utamkuta kamtulia bundi kichwani. Na ukiona ni kozi wa kushuka kutoka juu, huyo akijiachia anapita kilomita 300 kwa saa, mluzi wako haumfikii.

Kimebaki kikapu. Huyo kipanga haliwi, Mtume kakataza kila ndege mwenye makucha ya kuwindia, na kumuweka ndani bila kula bila kumwachia ndo kesi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula mpaka akafa. Bawa lililovunjika halitengenezwi kwa kamba na kijiti cha mtoto, mpeleke leo kwa daktari wa mifugo au watu wa wanyamapori, mkiambiwa hapati nafuu basi amalizwe haraka na anayejua, asiteseke. Mpaka mfike huko mpe nyama mbichi kidogo kama atakula, hata njiwa aliyekwishakufa unaweza kumpa, watoto wasimchungulie chungulie, na kikapu kifunike kitambaa kizito hewa ipite, akiwa gizani anatulia na bawa haliumii zaidi. Shika kwa taulo nene, hayo makucha hayajui kama unamsaidia.

Wallahu aalam.