Usikariri mistari yako peke yake

Usithubutu, ndugu yangu. Umesema kozi ya utangulizi wa sanaa za maonyesho umeichukua kwa kulazimika, kwamba utaipaka rangi mistari ya mhusika wako na kuikariri usiku wa mwisho. Kisha ukauliza mtihani wa nadharia ukoje na kama unaweza kuomba kazi za nyuma ya jukwaa. Nilipofika kwenye kupaka rangi, mwili ulinisisimka.

Mshauri wangu wa masomo, ambaye sidhani kama amewahi kupanda jukwaani hata kwa kufagia, aliniambia kuwa kozi hiyo ni ya kutazama michezo na kuandika insha. Basi nami nikakariri kama ulivyopanga wewe: neno la mwisho la mwenzangu, kisha mstari wangu. Siku ya kuigiza mbele ya darasa, mwenzangu akaruka nusu ukurasa, jambo linalowapata hata waigizaji wazoefu, na lile neno nililolisubiri halikuja. Nilimtazama, naye akanitazama. Mkononi nilikuwa na barua ambayo mhusika wangu alipaswa kuichana. Nikaanza kuikunja, nikaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kutosha kuingia kwenye kiberiti. Wanafunzi walidhani ni ubunifu. Mwalimu hakudhani hivyo, na alama zangu ni ushahidi.

Mistari yangu yote nilikuwa nayo kichwani. Nisichokijua ni kile ambacho mhusika wangu alikitaka kwa yule aliyesimama mbele yake. Stanislavski, mwigizaji na mwelekezaji wa Kirusi, mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa maigizo uitwao Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, alisisitiza kwamba mwigizaji ajue lengo la mhusika katika kila tukio. Ningejua kwamba wangu anataka kuombwa radhi, ningeuliza lolote la kumrudisha mwenzangu njiani.

Kwa hiyo anza na mistari ya mwenzako. Pembeni ya kila mstari wako andika kitenzi kimoja, kwa mfano anabembeleza, anatisha, anakwepa. Na uandike kwa penseli, kwa sababu mwelekezaji atabadilisha mambo mazoezini. Kisha kariri ukiwa umesimama na kutembea kama utakavyotembea jukwaani.

Nadharia isikutishe, vijue vipengele 6 vya tanzia, yaani mchezo wa huzuni, alivyovitaja Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na utakuwa umeanza vizuri. Leo hii mtafute mwenzako, mbadilishane wahusika na muigize tukio zima hivyo. Akikataa, omba mwingine kabla mazoezi hayajaanza.