Kwa nini Sopwith Camel iliua marubani wake

Mkuu, umeuliza iweje Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, iogopwe na Wajerumani mwaka 1917 huku ikiwaua wanafunzi wake yenyewe. Chanzo ni kimoja: injini. Silinda zote za ile Clerget ya nguvu za farasi 130 zilizunguka pamoja na propela, na rubani, mafuta na bunduki mbili za Vickers vikabanwa hapo hapo mbele. Kwa sababu ya uzito huo unaozunguka, ukikata kulia, ndege inageuka ghafla na pua inazama. Ukikata kushoto, pua inainuka. Mkongwe aliitumia hiyo kumkwepa adui. Mgeni alianguka akizunguka, tena karibu na ardhi. Mbio zake za juu kabisa hazikuwa za ajabu, kama kilomita 185 kwa saa.