Besi Aliyerudishwa Majini Naivasha, Kisha Akaelea Tumbo Juu

Msomaji ametuma picha ya samaki aitwaye besi, wa kama kilo mbili, kutoka Ziwa Naivasha, Kenya, kamlaza kwenye nyasi kavu, na swali: "Nilimrudisha ziwani akiwa hai. Mbona baada ya robo saa nimemwona anaelea?"

Ndugu yangu, picha yako imekwisha kujibu nusu. Nyasi zimeganda kwenye magamba, maana yake ute umetoka. Bila ute, ukungu humshika samaki, lakini huo humuua baada ya siku kadhaa, wewe ukiwa nyumbani unajisifu kwamba umemwachia. Huyu wa robo saa kauawa na uchovu na kukosa hewa.

Wengi huja na mshipi mwembamba ili samaki "apigane vizuri". Kila dakika anayovuta inajaza tindikali kwenye misuli yake, na jua la saa saba maji ya kando huwa ya moto, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Karibu na mafunjo tumia mshipi wa ratili 12 hadi 15, mlete upesi, yaishe.

Kabla ya kurusha, bana kwa koleo kile kijino cha nyuma ya ncha ya ndoana mpaka kilale. Ukiwa umekaza mshipi muda wote, samaki hatoki. Chambo bandia chenye ndoana za matawi matatu, zitoe uweke moja moja. Na ukitumia mnyoo wa plastiki usihesabu mpaka tano kabla ya kuvuta: besi hufyonza chambo kwa mara moja, ukichelewa ndoana iko kooni. Ikifika huko, usichokonoe. Kata mshipi karibu na ndoana umwache nayo. Ndoana nyingi hulegea zenyewe, lakini matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, yakichanika hupona kwa shida.

Sasa mkono. Ulowanishe kwanza. Kidole gumba ndani ya mdomo, vingine chini ya taya, na samaki aning'inie wima. Ukitaka kumlaza kwa ajili ya picha, mkono wa pili ushike tumbo, la sivyo uzito wote unavunja taya, na besi mwenye taya bovu hawezi tena kufyonza chakula. Ziba pumzi yako unapomtoa majini. Ukianza kuhema, mrudishe.

Kumrudisha si kumtupa. Mshike majini akiwa wima mpaka mkia uanze kusukuma wenyewe. Ile tabia ya kumsugua mbele na nyuma iache: akirudi nyuma, maji huingia kwenye matamvua kinyume.

Naivasha kwa sehemu kubwa ni kina kifupi, ila upande wa Crescent Island kuna shimo refu. Besi akivutwa haraka kutoka chini kabisa, kibofu chake cha hewa huvimba na hawezi kuzama tena. Huyo usimwachie aelee, mle.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kuvua kwenye viota. Ukiona duara safi kwenye maji mafupi, na samaki juu yake asiyekimbia kivuli cha boti, huyo ni dume analinda mayai. Anauma chambo kwa hasira, si kwa njaa. Mwondoe dakika chache tu, samaki wadogo wanaweza kuyamaliza mayai. Hapo hakuna ufundi wowote, sogea mbele.

Wa kula wapo: chukua wawili wa wastani, wapige kichwani mara moja, watie kwenye barafu. Jike mkubwa mwenye tumbo pana mwache, ana mayai mengi kuliko wadogo kadhaa.

Ila besi asihamishwe hata mmoja, hata kwenda bwawa la shambani. Yeye mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na yule samaki mdogo pekee wa asili ya ziwa hili hajaonekana tangu 1962. Kamba wekundu walitiwa mwaka 1970, wakafyeka mimea ya majini. Karpu, samaki wengine wageni, wakafuata, inaaminika walishuka na mto Malewa wakitoka kwenye mabwawa ya watu. Kwa hiyo kabla ya kwenda ziwa lingine mwaga maji yote ya boti, ng'oa magugu kwenye propela, anika nyavu za mkono juani hadi zikauke kabisa.