Jeranio la porini halitaki kulala sebuleni

SWALI: Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka jana nilinunua jeranio la porini, lile la maua ya urujuani. Mwezi wa Julai majani yakawa manjano, nikaongeza maji na mbolea. Baridi ilipoanza nikalihamishia kwenye chungu ndani ya nyumba, karibu na hita, kama mama alivyoyatunza yake barazani Limuru. Sasa ni Januari na limetoa vijani vitatu tu vilivyopauka. Kuna mtu mtandaoni anauza dawa ya maji ya kuamsha mizizi. Je, ninunue?

JIBU: Usinunue, dada yangu. Mmea wako haujakosa dawa, umekosa baridi.

Jeranio la mama ni Pelargonium, ambalo asili yake hasa ni Afrika Kusini, na usiku mmoja wa barafu kali hulimaliza. Lako ni Geranium maculatum, mwenyeji wa misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, na theluji ya Minnesota ndiyo blanketi lake. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka mimea hii kundi moja mwaka 1753. Wataalamu waliitenganisha mwaka 1789, lakini wauza maua hawajasikia mpaka leo. Ndiyo maana kila mwaka naletewa mimea iliyokufa ya namna zote mbili: Pelargonium lililoachwa nje na jeranio la porini lililofungiwa ndani.

Ukiufukua udongo kidogo utakuta mzizi mnene umelala ubavu, kama tangawizi, wenye macho mekundumekundu au meupe. Ubonyeze. Ukiwa mgumu, mmea uko hai. Ukiwa teketeke na unanuka, umeoza kwa maji uliyozidisha. Macho hayo yanahitaji miezi ya baridi ndipo yachipue kwa nguvu. Usilitoe nje ghafla sasa hivi. Lipeleke kwenye gereji isiyo na hita, maji kidogo sana, udongo usikauke kabisa. Barafu ya ardhini ikiyeyuka, lipande chini ya mti unaopukutisha majani, mzizi ufunikwe kwa sentimita mbili au tatu za udongo, na usilitoe tena. Majani makavu ya mti huohuo yanatosha kuwa matandazo.

Yale majani ya manjano ya Julai hayakuwa ugonjwa. Jeranio hili huchanua kati ya Aprili na Juni, kisha kiangazi kikiwa kikavu hujipumzisha. Mbolea wakati huo ni hasara tupu.

Sasa hawa wauza dawa. Wananikera kwa sababu wanavizia msimu ambao mmea umelala, wanakuuzia chupa, halafu majira ya machipuko yakifika mmea unaamka wenyewe na chupa inapewa sifa. Sukari kwenye maji, machicha ya kahawa, chumvi ya magnesia: hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya baridi. Mbegu zake ni hivyohivyo. Zimwage nje kabla ya theluji, zikae kwenye baridi msimu mzima, zitaota.

Wengine wanauza unga wa mzizi wenyewe kuwa tiba ya vidonda vya tumbo. Ni kweli Wenyeji wa Amerika waliutumia, na una tanini nyingi zinazokaza ngozi na utando wa ndani ya mwili. Lakini chupa isiyoonyesha kipimo haina uhusiano wowote na ujuzi wao. Ukiwa na tumbo linalouma au linalotoa damu, muone daktari.

Tena, unga huo na miche ya bei ya kutupa mara nyingi hutokana na kuchimba msituni. Nyuki mmoja wa ardhini, Andrena distans, hulisha watoto wake chavua ya jeranio hili. Ukichimba kichaka kizima, naye umemnyang'anya chakula. Kabla ya kununua, vuta mche kidogo kutoka kwenye kopo. Uliokuzwa kitaluni, mizizi yake myembamba imeshika udongo wote na kufuata umbo la kopo. Uliochimbwa porini utatoka na mzizi mnene uliokatika, umesukumwa kwenye udongo mpya ambao haujaushika. Huo urudishe mezani kwa muuzaji.