Sauti za Mji: Kwato, Kalafati na Pikipiki

SWALI: Assalaam aleikum. Nataka kuhifadhi sauti za mji wetu kabla pikipiki hazijazimeza: kwato za punda, "simile!" za wachukuzi, mafundi wa majahazi wa Matondoni wakipiga kalafati, yaani wakiziba nyufa za mbao. Nimejaribu kwa simu pale gatini, nikapata mvumo mtupu. Tatizo ni nini?
– Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Mvumo huo ni upepo unaopiga kipaza sauti cha simu, na ukiuondoa baadaye kwa kompyuta utaondoka na sehemu ya sauti uliyoitaka. Sponji nyembamba haifui dafu mbele ya kusi. Panahitajika kifuniko cha manyoya bandia. Ukikikosa, ingia kichochoroni ukae kwenye daka, ukumbi wa mlangoni. Kuta za matumbawe hukata upepo, na ni hapo hapo wenye mji walipozoea kusikia kwato zikipita.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana. Programu nyingi za simu hufifisha sauti za nyuma zenyewe, kwa kuwa zimetengenezwa kwa mazungumzo. Nawe shida yako ni hizo za nyuma. Tumia programu inayokubali kuzimwa marekebisho hayo na kuhifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Saa moja ya stirio hula takriban GB 1. Rekebisha kiwango cha kurekodi ili sauti kubwa kabisa isipite desibeli -12 kwenye kipimo cha programu: spika ya msikiti ikianza adhana ghafla na kiwango kiko juu, sauti hupasuka, wala haitengenezeki tena. Zima mtandao, laza simu juu ya kanga iliyokunjwa, iache dakika 10 bila kuigusa.

Kabla ya kuzima, tamka mahali, tarehe, saa, upepo na maji: yamejaa au yamekupwa, ni bamvua au maji mafu. Gati wakati wa maji kujaa halisikiki kama wakati wa kupwa. Rekodi isiyo na maelezo haya ni kelele tu kwa atakayeisikia baada ya miaka 30. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, chini ya R. Murray Schafer, walitoa rekodi za sauti za mji wa Vancouver mwaka 1973. Miaka ya 1990 mji huo ulirekodiwa tena, sauti za zamani na mpya zikalinganishwa. Kwa hiyo tafadhali usizikwepe pikipiki na mashine za boti. Nazo ni Lamu ya leo, na bila hizo hakuna atakayejua mji ulibadilika lini.

Faili la asili usilikate wala kulisafisha. Fanyia kazi nakala. Weka nakala tatu, moja nje ya kisiwa, maana chumvi ya hewani huharibu vifaa.

SWALI: Naweza kurekodi mazungumzo ya barazani na vugo (ngoma ya wanawake) la harusi?
– Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Kwa ruhusa tu, tena kabla ya kuwasha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Weka simu waziwazi, si chini ya leso. Kwa vugo waulize wanawake wenyewe, maana huenda wasitake wanaume wasikie. Masharti yao yaandike kwenye daftari lile lile la maelezo: nani asikilize, wapi, na mpaka lini.