Maswali ya wauguzi: "Hiyo ndiyo presha yangu siku zote"

SWALI: Nimempima mgonjwa nikapata 164/98. Akaniambia nisihangaike, kwake hiyo ni kawaida, wala kichwa hakimuumi. Nimjibu vipi bila kumtisha wala kubishana naye?

JIBU: Kabla ya kumjibu, mpime upya. Kama amebanwa na mkojo, aende msalani kwanza. Kisha akae dakika tano ameegemea kiti, nyayo zote mbili chini, asikunje nne. Mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo. Asiongee, nawe usimsemeshe. Utazame na mkanda wenyewe: sehemu inayojaa upepo izunguke walau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, na hapo mgonjwa anayekubishia huenda ana haki. Pima mara mbili, upishanishe dakika moja au mbili, uandike zote.

Namba ikibaki juu, usimwambie kwamba si kweli. Mwambie hivi: "Nakuamini kwamba iko hivi siku zote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi." Yeye ameizoea, lakini mishipa ya figo, macho na ubongo wake haiizoei, inaumia polepole bila kutoa sauti. Presha ya 140/90 au zaidi inayojirudia siku tofauti ni presha ya juu, awe anajisikia vibaya au mzima kabisa.

Hapa sisi wauguzi tuna lawama yetu. Tukimuuliza "kichwa kinauma?" na akisema hapana tukamjibu "basi sawa", tumemfundisha wenyewe kupima presha kwa kichwa. Kuuliza dalili kuna nafasi yake presha ikifika 180/120: hapo uliza maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, ukungu machoni, ulimi mzito au ganzi ya upande mmoja. Lolote kati ya hayo likiwepo, daktari aitwe papo hapo.

SWALI: Mwingine anasema joto lake huwa 35.8, kwa hiyo 37.2 kwake ni homa. Wenzangu wanamcheka.

JIBU: Wasimcheke. Hiyo 37 tunayoikariri ilienezwa na daktari Mjerumani Carl Wunderlich mwaka 1868, kutokana na vipimo vya kwapani, na ni wastani tu. Joto la mtu mmoja hupungua alfajiri na kupanda jioni kwa karibu nusu digrii, na kwapa husoma chini kuliko mdomo. Muulize hiyo 35.8 aliipata wapi na saa ngapi. Mara nyingi utakuta ni kwapani asubuhi, nawe umempima mdomoni jioni: hapo hakuna homa. Kwa kawaida homa huhesabiwa kuanzia 38. Lakini kwa mzee, au anayetumia dawa za saratani au steroidi (dawa zinazopunguza kinga ya mwili), maambukizi makali yanaweza kuja bila kufika hapo. Kwa hao, ongezeko la digrii moja juu ya kawaida yao liandike na ulitolee taarifa.

SWALI: Na wale wanaoshtuka wakiona mapigo ya moyo 48 kwa dakika au oksijeni ya damu asilimia 91?

JIBU: Mapigo hesabu mwenyewe kwa sekunde 60 kamili. Mwanariadha, au anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, anaweza kuwa na 48 na akawa salama. Mwenye kizunguzungu au aliyezimia apimwe umeme wa moyo. Kwa oksijeni, futa rangi ya kucha, pasha kidole joto, kisha linganisha mapigo yanayoonyeshwa na kifaa cha oksijeni cha kidoleni na yale unayoyahesabu kwenye kifundo cha mkono. Yakipishana, usiiamini namba ya oksijeni. Hamia kidole kingine. Yakilingana na mgonjwa anahema kwa shida, acha kuhamisha kifaa, mwite daktari.